Manowari ya Bomba Tatu: Shambulio la Ghafula na Filamu za Historia katika Maji ya Pemba na Unguja

Shambulio la ghafula baharini lina tabia moja inayolitenga na mapigano mengine: kwa desturi halina mpiga picha. Mshambuliaji huja gizani, naye hataki shahidi. Mshambuliwa yu usingizini, na kamera yake, kama anayo, imo sandukuni. Mapigano yaliyotangazwa huweza kungojwa na mtu aliyesimika kamera yake juu ya kilima, lakini la ghafula huanza kabla hajaamka. Kwa hiyo filamu nyingi za historia zinazoonyesha mashambulio ya namna hii zimeundwa baada ya tukio, kwa meli za mfano, kwa ramani, kwa vipande vilivyookotwa mahali pengine, na zaidi ya yote kwa sauti ya msimulizi anayemwambia mtazamaji kwamba anachokiona ndicho kilichotokea. Katika sanaa hii maneno hubeba mzigo mkubwa kuliko picha. Ndiyo sababu jambo hili lastahili kuangaliwa na wataalamu wa lugha, lisiachiwe wanahistoria wa vita peke yao.

Kisiwa cha Pemba ni mahali pafaapo kulitazamia jambo hili, ingawa vitabu vya Vita Kuu ya Kwanza havikitaji mara nyingi. Tangu tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, sehemu kubwa ya karafuu za dola ya Zanzibar ilitoka Pemba. Ilishuka Wete, Chake Chake na Mkoani, ikapakiwa vyomboni, ikavushwa hata bandari ya Unguja, na huko ndiko ilikokutana na forodha na meli za ng'ambo. Kwa mkulima wa Pemba bandari ile ilikuwa mlango wa nyumba yake. Mlango huo ulipigwa mizinga alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, katikati ya majira ya karafuu. Miezi saba baadaye Mkondo wa Pemba wenyewe, kati ya kisiwa na pwani ya Tanga, ulikuwa uwanja wa hila nyingine ya manowari. Katika matukio yote mawili hapakuwa na mtu aliyezungusha mkono wa kamera ya sinema.

Habari ya tukio la kwanza yajulikana, na yafaa kuelezwa kwa ufupi. Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoteremshwa majini mwaka 1905, ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914 chini ya uongozi wa Max Looff. Ilikuwa na mizinga 10 ya sentimita 10.5. Ilitoka bandarini tarehe 31 Julai, siku chache kabla ya vita kutangazwa, na tarehe 6 Agosti ikaiteka meli ya biashara ya Kiingereza, City of Winchester, karibu na pwani ya Uarabuni. Kisha ikatoweka, isijulikane iliko. Kwa upande wa pili ilikuwako Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyoteremshwa majini mwaka 1897, yenye mizinga minane ya inchi nne. Kwa umri wa manowari Pegasus ilikuwa ajuza. Mwezi wa Septemba mitambo yake ilihitaji matengenezo, basi ikatia nanga mbele ya mji wa Unguja na mafundi wakaanza kazi.

Looff alipata habari kwamba manowari ya Kiingereza yenye dohani mbili imo bandarini. Akaondoka Rufiji, alikokuwa amejificha. Usiku aliouchagua ulikuwa wa mwisho wa mwezi wa Shawwal 1332, wakati mwezi haupo mbinguni na maji ya bahari ni ya bamvu. Vitabu vya vita vya Kizungu hutaja tarehe na saa, lakini nahodha wa jahazi wa pwani angeyatazama mambo hayo mawili kwanza: giza la kumficha mtu, na maji mengi juu ya mafungu. Penye mlango wa kusini alikutana na Helmuth, tagi lililotekwa kutoka kwa Wajerumani na kuwekwa zamu, lakini Helmuth haikuwahi kuonya. Kadiri ya saa kumi na moja na dakika 25 za alfajiri mizinga ikaanza. Ilipigwa kutoka umbali wa kilomita nane au zaidi, na makombora ya Pegasus hayakuweza kufika huko. Kwa muda wa dakika chache mizinga ya upande mmoja wa Pegasus ilinyamazishwa. Watu 38 walikufa, wengine palepale na wengine kwa majeraha, na 55 walijeruhiwa. Alasiri meli ikazama. Baadhi ya wafu walizikwa katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji, na makaburi yao yako huko hata leo. Königsberg ilipokuwa ikiondoka ilitupa majini mapipa yaliyojaa mchanga ili yadhaniwe kuwa ni mabomu ya baharini. Mwigo wa kwanza katika historia ya tukio hili, basi, ulifanywa na washambuliaji wenyewe siku ileile.

Mjini Unguja hapakukosekana wapiga picha. A. C. Gomes na nyumba ya Coutinho walikuwa na vyumba vyao vya kazi mjini, na picha zao za masultani, mitaa na bandari zimeenea duniani kwa kadi za posta. Lakini saa kumi na moja na nusu ya alfajiri jua halijachomoza, na vioo vya picha vya siku zile vilihitaji nuru nyingi. Mwanga ulipotosha mambo yalikuwa yamekwisha. Kilichobaki ni cha kupigwa picha kwa utulivu, nacho ni meli iliyolala ubavu. Picha za mnato huonyesha matokeo ya tendo. Tendo lenyewe liliachiwa maneno.

Na maneno yenyewe hayakubaliani. Habari zilizotangazwa Uingereza mwanzoni mwa vita zilisema kwamba bendera ya Pegasus iliangushwa mara mbili kwa makombora, na kila mara askari wa majini waliiokota na kuishika juu kwa mikono yao. Maelezo mengine ya mapigano yaleyale yasema kwamba Pegasus ilipandisha bendera nyeupe. Huenda yote mawili ni kweli, moja mwanzoni na jingine mwishoni, kwa kuwa mapigano ya baharini yana moshi mwingi na kila mtu huona yaliyo mbele yake. Mtunga kitabu aweza kuyaandika yote mawili katika ukurasa mmoja, na msomaji akapima. Mtengenezaji wa filamu ana kazi ngumu zaidi. Akimwonyesha mtu anayeishika bendera kwa mikono, ameshasema. Akionyesha shuka jeupe mlingotini, amesema jingine. Picha haina njia ya kusema "yasemekana". Kiswahili kinayo njia hiyo kwa silabi chache tu, na wasimulizi wa pwani huitumia kila wasimuliapo jambo ambalo hawakulishuhudia.

Königsberg ilipata jina la Kiswahili ambalo vitabu vingi vya Kizungu vimelihifadhi: "manowari na bomba tatu". Jina hili lataka kutazamwa polepole. Manowari ni neno la Kiingereza lililovaa nguo za Kiswahili, nalo ni la zamani kuliko vita hivi. Wakazi wa Pemba walilijua vyema, kwa maana tangu miaka ya 1870 mashua za manowari za Kiingereza zilikuwa zikipekua majahazi katika hori za kisiwa chao, zikitafuta watumwa. Nahodha Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba mwezi wa Desemba 1881 alipolikaribia jahazi lililotweka bendera ya Kifaransa. Huo nao ulikuwa ni mshtuko wa baharini, ijapokuwa nje ya vita. Bomba limetoka kwa Wareno, na maana yake kwao ni chombo cha kuvutia maji. Katika Kiswahili likapanuka kuwa kila kitu kirefu chenye uwazi ndani. Hivi leo kijana alisikiapo jina hili aweza kudhani kwamba latajwa bomu, kumbe zatajwa dohani. Kuhusu "na", lugha sanifu ingetaka "yenye". Ama tuna hapa usemi wa makuli na mabaharia wa bandarini, waliokutana kutoka kila upande na kusema Kiswahili cha kazi, ama tuna sikio la Mzungu aliyeandika alichokisikia nusu. Dhana ya kwanza ina nguvu zaidi, kwa kuwa jina lina mahadhi ya kuitana gatini.

Maana yake katika historia ni kubwa kuliko sarufi yake. Watu wa pwani waliipima nguvu ya manowari kwa kuhesabu dohani, na Pegasus ilikuwa nazo mbili. Aliyesema "bomba tatu" mbele ya watu walioizoea Pegasus alikuwa amekwisha kulinganisha. Jina hilo ni ushahidi mdogo, lakini ni ushahidi wa macho ya watu wa pwani wenyewe, na hakuna filamu iliyoundwa baadaye iwezayo kudai ushahidi kama huo.

Sinema ilikuwa imejifunza kuiga vita vya baharini muda mrefu kabla ya mwaka 1914. Mwaka 1898 Wamarekani wawili, J. Stuart Blackton na Albert E. Smith, walionyesha mapigano ya manowari huko Cuba kwa meli za picha zilizokatwa na kuelezwa juu ya maji ya karai, na moshi ulikuwa wa sigara. Smith mwenyewe alisimulia hayo uzeeni. Mwaka 1904 Wajapani waliishambulia Port Arthur usiku, vita havijatangazwa, na kampuni ya Edison ikatoa mwaka uleule picha ya mapigano ya Chemulpo yaliyokuwa siku iliyofuata; nazo zilikuwa meli za mfano. Baada ya Vita Kuu kampuni ya British Instructional Films iliendeleza kazi hii kwa heshima zaidi. Ilianza na mapigano ya Jutland mwaka 1921, kwa ramani na mifano. Mwaka 1924 ikafuata Zeebrugge, bandari ya Ubelgiji iliyovamiwa na Waingereza usiku mwezi wa Aprili 1918. Na mwaka 1927 mapigano ya Coronel na Falkland, kwa manowari za kweli zilizoazimwa. Unguja haikupata nafasi katika mfululizo huo. Si vigumu kukisia sababu. Zeebrugge ni hadithi ya Mwingereza aliyeshambulia kwa ghafula, na Pegasus ni ya Mwingereza aliyeshambuliwa akiwa ameizima mitambo yake.

Hapa ndipo uchaguzi wa maneno unapokuwa uchaguzi wa historia. Kiswahili kina maneno mengi ya jambo hili, na hayalingani. "Ghafula" ni la asili ya Kiarabu, na mzizi wake wahusu kughafilika, yaani kusahau na kutokuwa macho. Asemaye "shambulio la ghafula" anasema jambo juu ya aliyeshambuliwa, hata kama hakukusudia. "Kuvizia" na "kuotea" yasema juu ya mshambuliaji: alijificha, alingoja, alihesabu. "Kunyemelea" lasema juu ya mwendo wake. "Kuvamia" lataja kishindo cha tendo, pasipo kujali kama mtu alikuwa amelala au macho. "Kushtukiza", ambalo magazeti na redio za siku hizi hulipenda, limejengwa juu ya mshtuko wa mwenye kupigwa, nalo halimlaumu yeyote. Je, Pegasus ilighafilika au iliviziwa? Ripoti yaweza kulikwepa swali hili kwa ustadi. Filamu haiwezi, kwa sababu lazima ianze na kitu: ama mabaharia waliolala, ama manowari inayokuja gizani.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika filamu iliyotengenezwa mbali na bahari hii. Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Kijapani zilizorushwa kutoka manowari ziliishambulia bandari ya Pearl Harbor katika visiwa vya Hawaii, na Wamarekani 2,403 walikufa. Kulikuwa na kamera chache. Kipande mashuhuri kuliko vyote, cha mlipuko wa manowari Arizona, kilipigwa na daktari aliyekuwa katika meli ya hospitali, Solace, naye hakuwa na kazi ya sinema. Hicho ndicho kinachoitwa ushahidi, nacho ni cha nukta chache. Serikali ya Marekani ilitaka filamu nzima. Kazi ilipewa kikosi cha John Ford, na msimamizi mkubwa alikuwa Gregg Toland, aliyekuwa maarufu kwa upigaji picha wake katika Citizen Kane. Filamu ikaitwa December 7th.

Toland alitengeneza filamu ya dakika zaidi ya 80. Sehemu yake ya kwanza haikuonyesha vita hata kidogo. Ilimwonyesha mzee aliye mfano wa taifa la Marekani, amejipumzisha Hawaii, akibishana na dhamiri yake inayomwonya kwamba amelala. Humo pia walitiliwa shaka wakazi wa Hawaii wenye asili ya Kijapani, na sehemu hiyo haipendezi kuitazama leo. Wakuu wa jeshi la majini walipoiona filamu walichukizwa: yasema kwamba jeshi halikuwa macho. Ikazuiwa. Kisha ikakatwa hata ikabaki dakika zipatazo 32 tu, ikatolewa mwaka 1943, ikapata tuzo ya Oscar ya filamu fupi za hali halisi. Ile ndefu ilikaa gizani kwa karibu nusu karne. Kwa lugha iliyoelezwa hapo juu, filamu ya kwanza ilikuwa ya kughafilika na ya pili ilikuwa ya kuviziwa. Milipuko ilikuwa ileile. Mkasi ulipita katika maelezo ya nani aliyekuwa amelala.

Milipuko yenyewe kwa sehemu kubwa iliigizwa, kwa mifano ya meli na kwa waigizaji. Jambo hilo halikufichwa sana wakati ule, lakini vipande hivyo vilipochukuliwa na kutiwa katika filamu za baadaye, miaka kwa miaka, vilisahauliwa nasaba yao vikawa picha za tukio lenyewe. Hivyo mwigo hugeuka ushahidi kwa kukaa tu. Wanafunzi wa lugha wanaujua mwendo huu, maana ndivyo linavyokuwa neno la mkopo: hukaa katika lugha hata wajukuu wakaapa kwamba ni la asili.

Liko jambo jingine katika December 7th ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Baada ya shambulio, filamu huonyesha sura za baadhi ya waliokufa, kutoka sehemu mbalimbali za Marekani na wa asili mbalimbali, nao husema. Wote husema kwa sauti moja ya mtu mmoja, na filamu yaeleza kwa fahari kwamba sababu ni kuwa wote ni Wamarekani. Kama hotuba ni nzuri. Kama ushahidi ni kinyume cha ushahidi, kwa kuwa kitu cha kwanza ambacho maiti hao walikuwa nacho tofauti kilikuwa matamshi yao.

Kurudi katika Mkondo wa Pemba, lugha haikuja baada ya tukio. Ilikuwa ni silaha ndani yake. Mwezi wa Novemba 1914 Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi ili waiteke Tanga. Ushtukizaji ulikuwa mkononi mwao. Lakini tarehe 2 mkuu wa manowari Fox aliingia bandarini kwanza, akawaarifu Wajerumani kwamba mapatano ya kutopigana yaliyokuwapo yamekwisha. Wajerumani wakashukuru kwa vitendo: walipata muda wa kuleta askari kwa gari la moshi, na baada ya siku tatu Waingereza walirudi melini wameshindwa vibaya. Shambulio lililotangazwa lilikosa hata faida ya kupigwa picha.

Tukio la pili lina ustadi zaidi. Königsberg ilikuwa imekwisha kubanwa Rufiji tangu mwisho wa Oktoba 1914, haina makaa ya kutosha kutoka. Wajerumani wakatuma meli ya kuiokoa, nayo ilikuwa Rubens, lakini ilisafiri kwa jina la Kronborg na kwa bendera ya Denmark, nchi isiyokuwamo vitani. Nahodha wake, Carl Christiansen, na mabaharia wake walichaguliwa kwa kuwa walijua Kidenmark. Walitoka katika nchi ya mpakani, Schleswig. Mtu angewapigia kelele baharini wangejibu kwa lugha ya bendera yao. Hila hiyo iliwafikisha kutoka Ulaya Kaskazini hata Afrika ya Mashariki. Ila simu za upepo zilikuwa zimewasaliti, na Waingereza walikuwa wakizisoma. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari Hyacinth ilikuwa ikiwangoja. Mviziaji akaviziwa. Hyacinth iliharibika mtambo katikati ya mbio, na Rubens ikakimbilia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapanda fungu na kuwaka moto. Waingereza wakaondoka wakidhani imeteketea. Wajerumani wakaopoa bunduki na risasi nyingi, nazo zikarefusha vita vya nchi kavu.

Ghuba ya Manza iko karibu mstari mmoja na Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini magharibi ya Pemba, yapata kilomita 55 ng'ambo ya mkondo. Vyombo vya Pemba vilikuwa vikiupita mkondo huo kwa uvuvi na biashara tangu zamani za kale. Katika masimulizi yaliyochapwa ya kisa cha Rubens wamo Wajerumani, Waingereza na hao Wadenmark wa bandia. Mabaharia wa majahazi hawamo. Mtengenezaji wa filamu akifuata vitabu hivyo tu, ataionyesha bahari iliyojaa vyombo tangu karne nyingi kana kwamba ni tupu.

Königsberg ilimalizwa tarehe 11 Julai 1915 na manowari fupi mbili, Severn na Mersey, zilizoingia katika mito ya Rufiji huku ndege zikiangalia kutoka juu na kuelekeza mizinga. Hapo kamera ilikuwa imekwisha kufika: marubani walikuwa wameipiga picha Königsberg katika maficho yake. Linganisha na tukio la Unguja. Aliyeshambulia kwa giza hakupigwa picha. Aliyezingirwa kwa miezi minane alipigwa. Kiasi cha picha zilizobaki hakionyeshi ukubwa wa tukio, huonyesha muda aliokuwa nao mpiga picha.

Katika vita vya pili mambo yalijirudia katika bahari hii. Baada ya Wajapani kushambulia Ceylon mwezi wa Aprili 1942, manowari za Kiingereza zilihamia Kilindini. Mwezi wa Mei nyambizi ndogo za Kijapani ziliingia Diego Suarez, zikaijeruhi manowari Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa na kubeba mamia ya askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki, ilipigwa na nyambizi I-27 karibu na visiwa vya Maldive. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi, na zaidi ya watu 1,200 walikufa. Dakika mbili hazimtoshi mtu hata kuifungua kamera.

Watu wa Afrika ya Mashariki walizipataje habari za vita hivyo kwa picha? Mjini Unguja jumba la Royal lilifunguliwa mwaka 1921, na Pemba nayo baadaye ikapata nyumba za sinema Wete na Chake Chake. Vijijini zilipelekwa gari za sinema. Filamu za Colonial Film Unit, idara iliyoanzishwa London mwaka 1939, nyingi zilikuwa bila maneno, na mtu wa mahali alisimama kando ya kitambaa na kipaza sauti akaeleza kwa lugha ya wasikilizaji. Huyo ndiye aliyechagua, papo kwa papo, kati ya ghafula na kuvizia, kati ya manowari na merikebu. Reli za filamu zimehifadhiwa Uingereza. Maneno ya msimulizi yalikwenda na upepo wa usiku uleule. Nusu ya sinema hiyo imepotea, na kwa watazamaji wake ndiyo iliyokuwa nusu kubwa.

Hasara ya namna hii yaweza kuendelea au kukomeshwa. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi Pegasus ilipozama alizaliwa mwaka 1904, na shahidi wa macho hatapatikana tena. Wako waliosikia kwa mashahidi, na hao nao ni wazee. Wanachoweza kutoa ni kile ambacho kamera haikuwahi kukipata: majina ya vyombo, namna mshindo ulivyoelezwa, kama watu wa Pemba walisema "bomba tatu" au walikuwa na jina lao wenyewe. Kukusanya hayo ni kazi ya kinasa sauti kabla ya kuwa kazi ya kamera, na ifanywe na watu wanaoisikia tofauti ya lafudhi ya Wete na ya Makunduchi. Lisipofanywa hilo, filamu zitaendelea kuazima. Zitatia milipuko ya bahari nyingine, au zitaegemea hadithi za kubuni kama Shout at the Devil ya mwaka 1976, ambayo iliitumia habari ya Königsberg, ikabadili jina la meli, ikafanya mchezo.

Wakati huo chuma ndicho kinachopigwa picha. Wajerumani waliivua Königsberg mizinga yake yote 10 wakaitumia nchi kavu, na mitatu yajulikana ilipo: Pretoria, Jinja na Mombasa. Wa Mombasa uko Fort Jesus, na karibu yake umewekwa mzinga wa Pegasus. Alfajiri ile ya 1914 kombora la mmoja halikuweza kumfikia mwenzake. Sasa mgeni huingiza yote miwili katika picha moja ya simu.